Ale Kwanza Anayenyanyua

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Kabla ya yote namshukuru Mungu kwamba mkono huu bado unaandika, na ninaomba barua ikukute mzima, mgongo haukuumi na makuli wenzako wanakuheshimu. Hapa kwetu bomba la mtaa limepasuka, maji yanatoka asubuhi tu. Jirani wa ghorofani binti yake ameposwa, basi kelele juu ya kichwa changu haziishi. Cherehani ni nzima. Sare za shule zimekuwa nyingi mwezi huu.

Mtu wetu yupo. Utashangaa kwa nini siku hizi sikupigii simu. Chumba na sebule ni kitu kimoja hapa, na yeye kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kulia na nusu ya ulimi, lakini masikio kilimwachia. Anasikia hata sindano ikianguka. Kuna mambo sitaki mume wangu ayasikie.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanangu amehamishwa kikazi, na yeye ndiye aliyekuwa akimnyanyua baba yake. Sasa niko peke yangu. Muuguzi wa zahanati anasema mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, na atolewe kitandani mara mbili kwa siku akae kitini, la sivyo atatoka vidonda na mapafu yatajaa. Mwili wa mwanamume yule unaujua. Seremala wa miaka thelathini! Hiki kitanda cha mbao ngumu alikitengeneza mwenyewe, na hakuna aliyewahi kukisogeza ila yeye na mwanawe. Mimi nina mikono ya kushika uzi.

Kaka yake alikuja Jumapili. Akasema, "Shemeji, tunakupa mpaka mwezi wa saba. Ukishindwa, tunampeleka kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa." Mtu wetu alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kaka alipotoka tu, akashika upindo wa gauni langu kwa mkono wa kushoto, akasema neno moja moja: "Nisife. Kwa. Watu." Nikamwahidi.

Sasa wewe unabeba magunia ya kilo hamsini na ni mwanamke kama mimi, tumetoka tumbo moja. Mnakunywa nini huko? Kama ni dawa, niambie, sitamtajia mtu. Ninasali sana, lakini naona Mungu anataka na mimi nijitahidi upande wangu.

Mambo ya zamani tuyaache yalale.

Dada yako


21 Februari

Dada,

Barua imeletwa na dereva wa lori la unga ndani ya kofia yake. Inanuka kichwa chake, lakini imesomeka. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanung'unika kila asubuhi kama mpangaji. Bado wananiita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Wiki iliyopita kuli mpya aliuliza, "Huyu mama ndiye mpishi wetu?" Wakamwambia, "Subiri akupite na gunia, halafu umwagize chai."

Pole sana kwa mzigo. Dawa hakuna, dada. Ni chakula.

Mwaka wangu wa kwanza hapa kiwandani nilikula kama mama alivyotulea: mwanamke anapakua, anangoja, anakula kilichobaki na kusema ameshiba. Mwezi wa pili nikaanguka, gunia juu yangu. Msimamizi wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya king'ora, akanivuta mguu akaniuliza, "Asubuhi umekula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na chai."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Unauambia mwili ujenge ghorofa na hujauletea hata tofali!"

Basi nisikilize. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga: mayai, maharage, samaki, maziwa, karanga. Kila mlo, siyo siku ya wageni. Wali, viazi na mkate usiviogope, bila hivyo mwili unaanza kujila wenyewe. Kula kabla ya kazi na ule baada yake. Siku unayonyanyua zaidi ndiyo siku ya kuongeza sahani. Halafu zoeza miguu: kaa kitini, simama bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, tena. Beba ndoo ikiwa nusu, baada ya wiki mbili iwe robo tatu. Mgongo wima, magoti ndiyo yafanye kazi. Na ulale, maana mwili hujengeka ukiwa umepumzika. Mpaka mwezi wa saba ni miezi mitano. Inatosha, ukila.

Nimempa dereva maharage debe moja, maziwa ya unga makopo matatu na trei mbili za mayai. Nina swali moja tu. Unakula kabla yake au baada yake?

Nisalimie shemeji, kama salamu zangu siku hizi zinaruhusiwa kupita mlangoni.

Winchi


2 Aprili

Mdogo wangu,

Usinihesabie siku, najua nimechelewa. Sisi huku tunapumua kwa rehema za Mungu. Bomba limetengenezwa, limepasuka tena. Uchumba wa binti wa ghorofani umevunjika, sasa kelele ni za kilio. Mzigo ulifika, mayai matatu tu ndiyo yaliyopasuka, dereva akaapa ni barabara na siyo tumbo lake.

Nafuata yote uliyoandika. Kukaa na kusimama nafanya huku nangoja uji uchemke, jirani alinichungulia dirishani akauliza kama nimepotewa na kitu chini ya kiti. Ndoo imefika robo tatu. Chakula ulicholeta ni baraka kubwa nyumbani humu, hakitupwi hata punje.

Mtu wetu amenawiri! Mashavu yamerudi. Muuguzi amempima, ameongezeka kilo sita. Kisha akanigeukia akasema kwa sauti, mbele yake, "Na wewe mama, mbona umekwisha hivyo?" Nikamwambia ni gauni, limepwaya kwa kufuliwa.

Kumnyanyua bado kuna taabu kidogo. Ila nimegundua nikimfunga shuka kiunoni napata pa kushika.

Kaka yake anapiga simu kila Jumapili. Ninamwambia tunaendelea vizuri.

Dada yako anayekuombea


17 Aprili

Dada,

Nguo ikifuliwa hubana, haipwayi. Mshonaji mzima unanidanganya kwa nguo!

Sisi wazima. Nikuulize moja kwa moja. Shemeji ameongezeka kilo sita na wewe umepungua. Mayai yale alikula nani? Hapa kwetu gunia likizidi kuwa zito na kuli akizidi kukonda, ajali tunaijua, kinachobaki ni kujua siku.

Mgonjwa lazima ale, sikatai, na vidonda havifungi bila chakula. Lakini ale cha kwake. Yale yalikuwa yako. Ale kwanza anayenyanyua. Huo si uchoyo, dada, maana ukianguka wewe mnaanguka wawili.

Usinijibu kwa Mungu. Nijibu kwa kilo.

Winchi


28 Mei

Mdogo wangu,

Neno lako la mwisho liliniuma. Niliificha barua ndani ya meza ya cherehani majuma matatu, sitaki hata kuiona. Lakini nimeona nikiendelea kukuficha nitakuwa nasali kwa mdomo mchafu.

Mayai alikula yeye. Yote, na maziwa. Kila asubuhi nayachemsha, najiambia leo nakula mimi. Kisha namwona alivyolala, mtu aliyekuwa akibeba mlango begani huku anapiga mluzi, na mkono wangu unakwenda mdomoni kwake wenyewe. Niliwaza hivi: nguvu zikimwingia yeye atasimama, basi mimi za nini?

Na kuna lingine. Siku alipopigwa na kiharusi niliweka nadhiri. Nifunge siku tatu kila juma, toka alfajiri mpaka jua lizame, mpaka mume wangu asimame. Ni miezi kumi na minne sasa. Siku nyingine jua likizama hamu sina tena, nakunywa chai nalala. Anayejua ni Mungu, na sasa wewe.

Mtihani mpya ni kwamba anakataa chakula. Tangu mwanzo wa mwezi huu anafunga mdomo na kugeuzia uso ukutani. Kilo zile sita zilikuwa zimekwisha kwenda hata kabla, sijui kwa njia gani, maana kila kijiko nilimpa mwenyewe. Muuguzi ametazama koo, kasema koo zima. Nimembembeleza, nimemwimbia, nimemkasirikia, Mungu anisamehe. Anapokea vijiko viwili vya uji na maji. Mtu angesema nimepata nafuu, kwa kuwa kweli amekuwa mwepesi. Lakini juzi hata wepesi huo ulinishinda, goti likakunjika, tukaangukia kitandani. Nina alama nyeusi begani, nimeifunika kwa mtandio.

Huko kwenu kuna kitu cha kumrudishia mtu hamu ya kula?

Dada yako


8 Juni

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya magunia, nikashindwa kushuka.

Nikusimulie jambo la hapa. Tuna mzee mmoja, amebeba hapa toka ujana wake, sasa kifua kimechoka. Ukimwambia apumzike mtatukanana. Basi wale wanaojaza unga, gunia lake wanalijaza kilo thelathini na tano, wanashona mdomo, wanampa kama mengine. Analibeba kimya. Anajua. Na sisi tunajua kwamba anajua.

Shemeji hajakosa hamu ya kula. Alimsikia muuguzi. Masikio kilimwachia, uliniandikia mwenyewe! Anajipunguza, dada. Anakujazia gunia dogo.

Na wewe upande wako unafunga. Mko chumba kimoja, kila mmoja anajinyima ili mwenzake apone, na nyumba nzima inakufa njaa na mayai yamo kabatini. Nisamehe, naandika kwa hasira na machozi.

Mwambie umejua. Kaa mbele yake ule, akuone unatafuna, na yeye atakula. Nadhiri yako kamuulize kiongozi wenu wa sala, mimi si mtu wa sala nyingi.

Nimeomba ruhusa, nafika tarehe ishirini na tano. Nitamnyanyua mimi. Miaka minane iliyopita alisema mwanamke mwenye mabega ya punda hatakanyaga sebule yake, nawe ulisimama na birika mkononi hukusema kitu. Niliapa sitaliandika hilo. Nimeliandika, limekwisha. Akinikataa nitakaa mlangoni, napajua.

Winchi


12 Julai

Mdogo wangu,

Wageni wa mwisho wameondoka jana. Ulipokuja, nyumba ilijaa shemeji na wajomba, hatukupata hata pembe ya kusemezana, kisha zamu yako ikakuita. Naandika niliyoshindwa kusema.

Barua yako ya tarehe nane ilifika tarehe kumi na saba, lori liliharibika njiani. Sisi tulikuwa tumekwisha anguka tarehe kumi na nne. Ilikuwa siku yangu ya kufunga. Saa nne asubuhi namtoa kitini, miguu ikaniacha kana kwamba si yangu. Yeye chini, mimi juu ya kifua chake, na sikuwa na nguvu ya kujiondoa. Tulilala hivyo mpaka saa saba na nusu, jirani aliposhuka kuomba uzi. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kama tulipokuwa vijana. Akaniuliza, "Nimekuwa... mwepesi?" Nikadhani anaweweseka. Nikamwambia, "Nyamaza baba, usijichoshe." Ningekuwa na barua yako ningejua cha kumjibu.

Nilikupigia simu, ukaja kabla ya tarehe uliyopanga, mengine uliyaona mwenyewe hospitalini. Kifua kiliumia, homa ya mapafu ikaingia. Na ile asubuhi ya tarehe ishirini na mbili, wewe umekwenda kuleta shuka, mimi nachota maji uani, akafia mikononi mwa muuguzi wa zamu ambaye hata jina lake halijui. Kwa watu. Aliniomba kitu kimoja tu.

Nina maswali mawili. Tarehe ishirini nilipokwenda dirisha la dawa, nilirudi nikakuta shuka limebadilishwa, yeye anakutazama, wewe umegeukia dirishani. Alisema nini?

La pili. Nilimwahidi Mungu nitafunga mpaka mume wangu asimame. Hakusimama. Sasa nifungue lini? Kiongozi wetu wa sala anasema kifo kimeifuta nadhiri, lakini moyo umekataa. Bado nafunga, na sasa si siku tatu, ni zote. Jua likizama kitu hakipiti kooni. Sindano inanitetemeka, nimeharibu kola za darasa zima. Jana nilishindwa kupanda ngazi tatu za mlangoni kwangu, nikakaa nje mpaka jirani akanishika mkono.

Usije. Nijibu tu.

Dada yako


25 Julai

Dada,

Salamu nitakupa chini.

Siku ile muuguzi alikuwa mmoja kwa wagonjwa ishirini na sita. Shuka la shemeji lilikuwa limelowa. Nikamwambia, wewe vuta shuka, mimi namshika. Nikapitisha mikono makwapani, nikapanua miguu kama tunavyofanya kwenye gunia, nikanyanyua. Nilikuwa nimejiandaa kwa yule mwanamume ninayemjua. Dada, nusura nimrushe. Nimebeba miaka kumi na moja na hakuna uzito ulioniumiza kama wepesi ule.

Nyayo zake zilikuwa sakafuni, zote mbili. Muuguzi akachelewa, shuka jipya lilikuwa limekunjamana. Mara nikasikia goti lake la kushoto limekaza, linanisukuma. Nikalegeza mikono. Sikumwachia, nililegeza tu, kama mtu anavyojaribu rangi ya ukuta kama imekauka. Akabaki pale, labda kwa muda wa kuhesabu mpaka nne. Mumeo alisimama, dada, tarehe ishirini Juni, mchana, nimemshika. Muuguzi aliona. Kama huniamini, nenda kamuulize.

Kichwa chake kilikuwa kimeegemea bega langu, hili hili la punda. Akasema neno moja. Alilirudia, maana mara ya kwanza mate yalimzuia. "Mlishe."

Kwa nini sikukuambia? Miaka minane nilingoja neno kutoka kwa mtu yule. Nilikuwa nimekwisha mtungia kichwani: nilikosea shemeji, karibu ndani. Na lilipokuja halikuwa langu, lilikuwa lako. Nilimwonea wivu mtu anayekata roho. Ndiyo maana niligeukia dirishani.

Kwa hiyo nadhiri yako ilitimia siku ile. Mfungo wote wa baada ya hapo Mungu hakuuomba, unajipiga mwenyewe. Fungua. Trei ya mayai iko kwa dereva, nimemwambia likipasuka hata moja nambeba yeye mpaka kwako mgongoni.

Salamu: goti linanung'unika, mimi mzima, nakulilia.

Mdogo wako


2 Oktoba

Mdogo wangu,

Miezi miwili kimya, na simu zako zote nikikujibu "nipo, nipo". Nilitaka niwe na la kuandika.

Nilikwenda kumuuliza yule muuguzi. Usikasirike, ni imani yangu ndogo, si wewe. Akafikiri, akasema, "Yule wa kitanda cha kumi na moja? Ndiyo, alisimama. Alishikwa na mama mmoja, sijaona mwenye nguvu kama yule." Nikakaa kwenye benchi nikalia, wakadhani nimekuja kutibiwa, wakanipa namba ya foleni.

Nikafungua siku hiyo hiyo. Yai la kwanza lilirudi. La pili likakaa. Toka hapo nakula, asubuhi kabla ya cherehani, mchana, na jioni, hata kama sitaki. Mtu wetu aliagiza. Naendelea kukaa na kusimama kitini, na ndoo sasa inajaa mpaka mdomoni. Mabega yamejaa kidogo, imebidi niachie mishono ya gauni. Wifi yangu mmoja alinitazama akasema, "Mjane huyu amenenepa upesi." Nilikuwa na birika mkononi, nikaliweka chini, nikamwonyesha mlango.

Jumatatu nikaamua kufagia chini ya kitanda. Tangu mwanangu aondoke hapajafagiwa, nani angekisogeza? Nikaweka miguu kama ulivyonifundisha, mgongo wima, nikasema jina la Mungu. Kikanyanyuka. Nikakitoa ukutani hatua mbili, peke yangu.

Kule nyuma, upande wa mkono wake wa kushoto, kulikuwa na chakula. Viini vya mayai vimekauka vimekuwa unga, kingo za mkate, maharage magumu kama changarawe, vyote vimesukumwa kwenye nafasi kati ya mbao na ukuta. Nilipogeuka kuchukua kikombe alikuwa akitoa mdomoni. Wiki kwa wiki, mdogo wangu. Na mimi nikirudi namfuta midomo, nafurahi kwamba amekula.

Nilipiga magoti, lakini si kwa sala. Nilikusanya vyote kwa mikono, sikutaka ufagio uviguse. Nikavifukia uani. Kisha nikanawa, nikachemsha mayai mawili, nikakaa kwenye kiti chake nikayamaliza polepole, nikiutazama ukuta ule aliokuwa akigeuzia uso.

Ukipata likizo, njoo. Usisimame mlangoni.

Kitanda bado kiko katikati ya chumba. Kukirudisha naweza. Sijataka tu.

Dada yako